Vilima vya Toscana mnavisifia bure, njia inashikiliwa na vitanda

Kila mwaka ikifika Mei hivi picha zinaanza kumiminika: kilima cha kijani, juu yake nyumba moja ya mawe, miti ya misaipresi imejipanga mstari mmoja kama imepigwa rula, barabara nyeupe ya changarawe inapinda pinda mpaka inapotea, halafu chini mtu kaandika "Via Francigena, natembea mpaka Roma", yaani ile njia ya hija inayotoka Canterbury, Uingereza, na kukatiza mkoa wa Toscana, Italia. Komenti zimejaa mioyo. Sina ugomvi na hizo picha, vilima ni vizuri kweli na anayebisha aende mwenyewe pale kati ya Siena na San Quirico d'Orcia asubuhi ngano ikiwa bado mbichi. Ugomvi wangu ni na stori ambayo picha zimeibeba mgongoni, kwamba hii ni njia ya kale iliyojikalia pale yenyewe miaka elfu, nchi haijaguswa, na wewe kazi yako ni kuvaa buti tu na kuanza kutembea. Hiyo stori karibu yote iko kichwa chini miguu juu. Njia ya hija inakuwa njia pale tu jioni ikifika kuna mlango wa kugonga. Hayo mengine yote, vilima, misaipresi, mvinyo, yamekuja baadaye, na mengi yamelipiwa na watu ambao hawaonekani kwenye picha.

Tuanze na yule jamaa ambaye kila kitabu cha mwongozo lazima kimtaje, Sigeric. Mwaka 990 alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kule Uingereza, akaenda Roma kwa Papa Yohane XV kuchukua pallio, kile kitambaa cha sufu nyeupe ambacho askofu mkuu anavaa mabegani na bila hicho cheo chake kinakuwa bado hakijakaa sawa. Wakati wa kurudi kuna mtu kwenye msafara akawa anaandika, na hapo ndo utamu ulipo, maana hakuandika mandhari, hakuandika mvua wala jua, hakusema hata kama walikula wakashiba. Aliandika vituo 79, majina matupu, kimoja baada ya kingine, kutoka Roma mpaka pwani ya Ufaransa karibu na Calais unapovukia kwenda Uingereza. Basi. Ile ngozi iliyoandikwa ipo mpaka leo Maktaba ya Uingereza, London. Yaani hii njia yote unayoiona sa hivi na vibao vyake na ramani zake za kwenye simu na fulana zake, imefufuliwa kutoka kwenye orodha ya malazi ya mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kazini. Na ukichukua hizo kilomita elfu moja na mia saba hivi ukagawanya kwa vituo vyake unapata kama kilomita 20 na ushee kwa siku, hicho ndo kipimo cha miguu ya binadamu mwenye mzigo, hakijabadilika mpaka leo, buti ziwe za bei gani.

Halafu hata hiyo "njia ya mahujaji" haikuanzishwa na mahujaji. Walombardi, kabila la Kijerumani, walipoingia Italia kuanzia mwaka 568 walikuta Wabizanti, watu wa dola ya Roma ya Mashariki, bado wameshikilia Ravenna na sehemu kubwa za pwani, sasa wao walikuwa na ardhi kaskazini na nyingine huko chini Spoleto na Benevento, wakahitaji barabara isiyopita mdomoni mwa adui. Ndo wakawa wanavuka milima ya Apennini pale inapoitwa leo Cisa, wanashukia Lucca, wanaendelea kusini. Ilikuwa barabara ya usalama na siasa. Wafranki, watu wa upande wa Ufaransa ya leo, walipowapiga Walombardi wakairithi na jina likafuata wao, Francigena. Mahujaji walikuja kupita kwenye barabara ambayo tayari ina wanajeshi, wafanyabiashara, wakwepa kodi na mbuzi. Na kwa nini inapanda vilima badala ya kufuata bonde ambako ni tambarare? Kwa sababu mabonde yalikuwa na majimaji na homa ya malaria, ndo maana. Hakuna aliyepanda mji wa kilimani kama San Gimignano kufuata mandhari. Walipanda kukimbia mbu, jambo ambalo mtu wa kwetu anatakiwa alielewe kabla sentensi haijaisha.

Twende Siena. Ule mji ukiuangalia kwa akili ya kawaida haukupaswa kuwa mkubwa, hauna mto, hauna bandari, maji yenyewe walihangaika wakachimba mahandaki chini ya mji kuyatafuta. Alichonacho Siena ni barabara. Watu wanapita, watu wanahitaji kulala, kula, kubadilisha hela, kuombewa, kuzikwa, na mji ukajipanga kutoa huduma zote hizo mpaka ukazalisha mabenki wa kukopesha mapapa. Mbele kabisa ya kanisa kuu, uso kwa uso, kuna Santa Maria della Scala, hospitali ya mahujaji, moja ya za zamani kabisa Ulaya, leo ni makumbusho. Usiingie Siena ukaishia uwanja wa mbio za farasi na aiskrimu. Ingia humo, nenda kwenye ukumbi wanaouita Pellegrinaio, ukumbi wa mahujaji, kuta zimechorwa miaka ya 1440 na utaona kazi za hospitali zilivyokuwa, mgonjwa anaoshwa, mikate inagawiwa, watoto waliotupwa wanapokelewa na kunyonyeshwa. Yale maisha kwangu mimi yana maana kuliko kilima chochote nilichowahi kupiga picha.

Sasa swali la mhasibu: mikate ilitoka wapi? Ndo turudi kwenye mandhari. Ile hospitali ilikuwa na mashamba, tena mengi, watu matajiri wakiogopa kufa wanaiachia ardhi, na ikajenga maghala yenye ngome kabisa katikati ya mashamba yake. Ukitoka Siena kwenda Ponte d'Arbia kwa miguu unalipita moja, Grancia di Cuna, jengo kubwa la matofali mekundu lina minara kama vile linalinda dhahabu. Lilikuwa linalinda ngano. Hizo ngano za kijani zinazopata laiki elfu kumi ndizo zilikuwa chakula cha mtu aliyefika jioni miguu imejaa malengelenge. Mandhari yenyewe yalikuwa ni bajeti ya kitanda.

Na UNESCO wenyewe walipoliingiza bonde la Val d'Orcia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004 hawakusema limeachwa kama Mungu alivyoliumba. Walisema karibu kinyume chake, kwamba ardhi hii ilipangwa upya kwa makusudi na watawala wa Siena karne ya 14 na 15 ili ionyeshe utawala mzuri unafananaje na wakati huohuo ipendeze macho. Ambrogio Lorenzetti alishaichora hiyo ndoto 1338 na 1339 kwenye ukuta wa jumba la serikali pale Siena, mji umetulia, lango liko wazi, na nje ya lango kuna barabara, watu wanashuka na wanyama na mizigo, mashamba yamekatwa vizuri. Angalia vizuri ule ukuta, katikati ya mashamba yote ni barabara yenye watu. Ilikuwa tangazo la serikali, kwa lugha ya sa hivi.

Kwa nini kila kilima kina nyumba moja tu juu, imekaa peke yake? Mpiga picha anaona upweke mtamu. Jibu ni mkataba. Kwa mamia ya miaka mashamba ya Toscana yaliendeshwa kwa mfumo wa nusu kwa nusu, mezzadria, mwenye ardhi anatoa shamba na nyumba, familia inatoa mikono, mavuno wanagawana, na familia inalazimika kuishi palepale juu ya shamba, haikai kijijini na wenzake. Mara nyingi hata kijana akitaka kuoa ilibidi mwenye shamba aridhie, maana mdomo ukiongezeka au mkono ukipungua hesabu yake inaharibika. Nyumba ikatawanyika kwa sababu binadamu walitawanywa. Misaipresi nayo usidanganyike kwamba yote ni ya enzi za Dante, yule mshairi wa zama za kati, ile barabara maarufu ya kujipinda yenye misaipresi pale shamba la La Foce, ambayo iko kwenye kalenda nusu ya dunia, ilitengenezwa karne ya 20 na wenye shamba. Na ule ulaini wa vilima wenyewe, udongo wa mfinyanzi wa eneo la Crete Senesi ulikuwa umejaa vichuguu vyeupe vilivyo wazi visivyoota kitu, vingi vikasawazishwa kwa mashine karne hiyohiyo ili ngano ilimwe. Kwa hiyo unaposema "mandhari ya zama za kati" unasifia trekta bila kujua.

Halafu watu wakaondoka. Baada ya vita vya pili, miaka ya 1950 na 1960, familia zikazikimbia zile nyumba kwa wingi, zikaenda viwandani na mijini, nani anataka kugawana ngano na tajiri wakati kiwanda kinalipa mshahara kila mwezi? Mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, lakini kwa kweli watu walishapiga kura kwa miguu. Nyumba zikabaki na popo. Baadhi ya mashamba wakanunua wafugaji kutoka kisiwa cha Sardinia waliokuja na kondoo wao, na ile jibini ya mji wa Pienza ambayo mtalii anaambiwa ni ladha ya asili kabisa ya hapa ina mkono mkubwa wa hao wahamiaji. Wala sisemi hivyo kuharibu ladha, mi mwenyewe nimeila na nitaila tena. Nasema tu kwamba eneo linalouzwa kama halijabadilika limebadilisha wenyewe mara kadhaa ndani ya maisha ya mzee mmoja. Mwaka 1985 ikaja sheria ya agriturismo, mkulima akaruhusiwa kulaza wageni shambani, na zile nyumba za mezzadria zikarudi uhai zikiwa na bwawa la kuogelea.

Sasa ukitaka ushahidi kwamba kitanda ndo kinashika njia, angalia vituo vilivyokufa. Sigeric alilala sehemu inaitwa San Genesio, chini ya San Miniato, wakati huo ni mji wa maana, makutano ya barabara. Mwaka 1248 watu wa San Miniato wakaubomoa, na leo ni uwanja wa wachimbaji wa mambo ya kale, unapita umeshika mkate wako unaangalia misingi ya kuta. Nyingine ni ile ambayo kwenye orodha yake imeandikwa Abricula, leo Le Briccole, baada ya San Quirico. Palikuwa na hospitali ya mahujaji. Sa hivi ni majengo ya shamba na kanisa dogo lililochoka, hakuna anayekukaribisha. Matokeo yake? Sigeric kutoka San Quirico mpaka bonde la mto Paglia alikuwa na pa kusimama njiani, wewe mtembeaji wa leo mwenye kiatu cha teknolojia kituo kimoja cha kawaida ni San Quirico mpaka Radicofani, kilomita zaidi ya 30, na mwisho wake ni mlima, ngome ya Radicofani unaiona tangu mchana na haisogei. Nilipopita kile kipande nilielewa kwa magoti kitu ambacho vitabu vilishaniambia: umbali haujaongezeka hata mita, kilichopungua ni mlango mmoja tu wa kugonga.

Kinyume chake Altopascio, karibu na Lucca, penyewe palikuwa porini na kwenye majimaji, ndugu wa hospitali ile walikuwa wanapiga kengele jioni, La Smarrita wanaiita, ili aliyepotea msituni afuate sauti. Mji mzima umeota kuzunguka ile hospitali. Fikiria, watu wanawapigia kengele wageni ambao hawajui kama wapo.

Ufufuo wenyewe nao ni wa juzi. Mtafiti Mwitaliano, Giovanni Caselli, alienda kuifuata orodha ya Sigeric ardhini na kuichora kwenye ramani miaka ya 1980, Baraza la Ulaya likaipa hadhi ya njia ya utamaduni mwaka 1994, ikaja Jubilei ya 2000 serikali na Kanisa wakaamka, mwaka 2001 kikaanzishwa chama cha Ulaya cha njia hii pale Fidenza. Vibao vikapigwa, mistari myeupe na myekundu kwenye miti na nguzo, sehemu nyingi njia ikahamishwa kutoka kwenye lami maana barabara ya kale yenyewe sehemu nyingi ni barabara kuu ya malori sasa hivi. Kwa hiyo ukitembea kwenye kile kichochoro kizuri cha changarawe mara nyingi hutembei alipotembea Sigeric, yeye alitembea pale lori linapopita. Kamati ilikaa, ikachagua, ikakutafutia palipo salama na pazuri. Hilo silioni kama udanganyifu hata kidogo, Walombardi nao walichagua palipo salama.

Lakini linganisha na Hispania. Katikati ya miaka ya 1980 waliokuwa wanafika Santiago de Compostela, mwisho wa njia ya hija ya kule, kwa miguu na kuandikishwa walikuwa hawafiki elfu tatu kwa mwaka, padri mmoja wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, akachukua rangi ya njano akaanza kuchora mishale mwaka 1984. Mwaka 2024 waliopokea cheti pale Santiago walikaribia laki tano. Watu watakwambia ni mishale, ni matangazo, ni filamu. Mimi nasema nenda kahesabu hosteli. Kaskazini mwa Hispania parokia, halmashauri, watawa na wajasiriamali walijaza vitanda vya bei ya chini kila baada ya kilomita chache, kiasi kwamba mtu anaweza kuamka bila mpango wowote akajua jioni atalala. Mandhari ya kule kuna vipande, hasa lile tambarare la Castilla, ni makavu mno, unatembea siku nzima unaangalia upeo uleule. Na bado wanaenda! Toscana ina vilima vyote hivyo vya kwenye kalenda na watembeaji wake ni sehemu ndogo tu ya hao. Kama mandhari ndo yangekuwa yanavuta miguu hesabu ingekuwa kinyume.

Kwenye Francigena vitanda vipo, ila havijalingana. Kuna hosteli za parokia unazotoa ulichonacho, unaweka kwenye kisanduku hakuna anayekuangalia, kuna za halmashauri, kuna nyumba za watawa. Pale Radicofani kuna wahudumu wa kujitolea wanaokuosha miguu ukifika, kweli kabisa, beseni na maji, na mtu mzima aliyezoea kujiendesha anaishia kutojua aangalie wapi. Masharti ni usiku mmoja, labda uwe unaumwa. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Waitalia wamekata kona, kesho asubuhi na mapema begi mgongoni na safari njema. Na wako sahihi, kitanda kikikaliwa na mtu wa kupumzika wiki nzima aliyeko nyuma yako atalala nje. Unabeba credenziale, kijitabu cha mihuri, kila ulipolala unagongewa, na ukifika Roma ukiwa umetembea angalau kilomita 100 za mwisho, yaani kuanzia kama Viterbo hivi, unapewa cheti. Tena muhuri wenyewe unathibitisha nini? Kwamba ulilala. Hata leo nyaraka za njia hii zinaandika malazi, kama ya Sigeric.

Shida ni pembeni ya hosteli. Nyumba ndani ya kuta za San Gimignano, Monteriggioni, San Quirico, mwenye nyumba akipiga hesabu anaona kumlaza hujaji kwa hela ya kisandukuni ni hasara, akiweka shuka nyeupe na mashine ya kahawa anapata mtalii wa gari, na agriturismo usiku mmoja mara nyingi inavuka euro 100. Simlaumu, ana kodi. Ninaowalaumu ni wakubwa wa mikoa na halmashauri wanaotumia hela nyingi kwenye vibao, mabenchi yenye nembo na uzinduzi wenye utepe, halafu hosteli ya umma inafungwa miezi ya baridi au inakosa mtu wa kushika funguo. Kibao hakimlazi mtu. Wakiniuliza mimi, kila euro ya kibao kipya ingesubiri kwanza ile sehemu ya Le Briccole iwe na vitanda kumi na mtu wa kufungua mlango, San Quirico mpaka Radicofani ikatike vipande viwili, na hapo utaona wazee na watu wa miguu ya kawaida wanaanza kuonekana kwenye kile kipande.

Najua kuna atakayesema watu wa leo wengi hawaendi kuhiji, wanaenda kutafuta ukimya na picha, sasa hosteli ya parokia ya nini? Ni kweli wengi hawasali. Lakini muulize yeyote aliyetembea wiki mbili anakumbuka nini, atakutajia mama aliyemletea supu, Mholanzi aliyekuwa anakoroma, yule padri mkali wa Bolsena au wapi sijui. Vilima vinachanganyikana kichwani siku ya nne tu, kilima ni kilima.

Na hili watu wa kwetu wanalijua kwa mwili. Kila mwaka kuelekea Juni 3 maelfu ya watu wanatembea kwa miguu kwenda Namugongo, Uganda, kwa Mashahidi, wale akina Charles Lwanga waliochomwa moto 1886 na kutangazwa watakatifu na Papa Paulo VI kulekule Roma mwaka 1964. Wanatoka majimbo ya mbali ya Uganda, wanatoka Kenya, wapo na wa Tanzania. Wanatembea pembeni ya lami, vumbi, malori, mvua za mwisho wa masika, mandhari hakuna aliyeyapigia kampeni. Wanalala wapi? Parokiani, madarasani, kwenye mikeka, akina mama wa jumuiya wanawapikia uji na maharage, kesho wanaondoka. Hakuna muhuri, hakuna apu, Baraza la lolote halijawapa hadhi, na njia iko hai kuliko Francigena nyingi nilizoziona. Ulaya walipoteza vitanda, njia ikafa, wakaifufua kwa ramani. Huku vitanda havijawahi kuondoka kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuchora ramani. Sijui nani anatakiwa kumfundisha mwenzake hapo, ila naona ziara za mafunzo zote zinaelekea upande mmoja.

Lipo pia la viza, siwezi kuandika makala yote hii nikalipita. Msomaji wa Dar, Nairobi au Kampala anayetaka kwenda kutembea anahitaji viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Italia, ada euro 90 tangu Juni 2024, bima, taarifa ya benki, na uthibitisho wa malazi kwa siku zote za safari. Hapo kwenye malazi ndo kichekesho. Mtembeaji kwa asili yake hajui wiki ya tatu atalala wapi, goti likigoma analala karibu zaidi, likikubali anaenda mbele, na hosteli nyingi za kisanduku hazipokei nafasi miezi mitatu kabla wala hazina karatasi ya kukutumia. Kwa hiyo ili upate ruhusa ya kwenda kulala kwa hisani inabidi uonyeshe umelipia hoteli, watu wanaweka nafasi za hoteli za kufuta baadaye, kila mtu anajua, ubalozi wenyewe unajua. Muda nao ni siku 90 ndani ya 180. Italia peke yake haina tatizo, kutoka mpaka wa Uswisi pale Gran San Bernardo mpaka Roma ni kama kilomita 1,000, vituo 45, unamaliza na kupumzika. Ila ukitaka kuanzia Canterbury kama wenye njia yao, ukiugua kidogo tu, umeshakuwa mhamiaji haramu katikati ya shamba la ngano. Sigeric na vituo vyake 79 angepona kwa siku kumi na moja.

Zamani hujaji alikuwa anatembea na barua ya askofu wake ikieleza huyu ni nani na anaenda wapi, na hiyo ilimfungulia milango, credenziale ya leo ni mjukuu wa ile barua. Sioni kwa nini isirudishwe kazi yake. Parokia au jimbo la huku linaandika barua, chama cha njia kinatoa credenziale, hosteli zake zinakubaliana kwa pamoja kwamba aliyenayo atapokewa, na ubalozi unahesabu hayo kama malazi badala ya hoteli za uongo. Watu wa kufanya hivyo wapo, mapadri na masista wetu wamejaa Roma wanasoma na wanajua ofisi zote. Ikifanyika, miaka miwili mitatu tu majina ya Kisukuma, Kikikuyu na Kiganda yataanza kuonekana kwenye vitabu vya wageni vya Acquapendente na Radicofani, na hapo ndo wenye njia watajua vizuri wana vitanda vingapi.